Siku tatu Mkiwa na mtoto aliyevaa kinyago cha jua

Simu ya wifi iliingia saa tatu usiku, Jumanne. Hakuanza na salamu ndefu kama kawaida yake.

"Wifi, njoo umwone mwanao," alisema. "Ameanza kutengeneza vinyago. Anajifungia chumbani, anavivaa, anaongea peke yake. Mama anasema tumpeleke kwenye maombi. Mimi nimechoka, sijui nifanye nini."

"Mwanao" huyo ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Ana miaka 13, yuko darasa la saba. Kaka alifariki Januari mwaka jana kwa kiharusi, akiwa na miaka 41. Alikuwa na presha ambayo hakuwahi kuipima. Mimi ninayeandika habari za afya kila wiki, ninayewahimiza wasomaji wapime presha hata kama hawaumwi, sikuwahi kumuuliza kaka yangu mwenyewe mara ya mwisho alipima lini.

Tangu arobaini ya msiba sikuwa nimekanyaga kwao. Nilikuwa natuma fedha kwa simu, na kila nikipata ujumbe kwamba zimefika nilijiona nimetimiza wajibu wa shangazi. Usiku ule nilijua sijatimiza. Niliomba ruhusa kazini, na Alhamisi asubuhi nikawa stendi kuu ya Dodoma, nimeshika tiketi ya basi la Singida.

Sitawataja kwa majina. Mtoto ni mtoto, na haya ni mambo ya nyumbani kwake. Lakini wenyewe wameniruhusu niyaandike, kwa sababu wifi anaamini kuna mama mwingine mahali fulani anayemtazama mwanawe akibadilika baada ya msiba na hajui pa kuanzia.

Njia panda ya Mkiwa

Kutoka Dodoma hadi Singida ni kilometa takribani 240, lami tupu. Ukiacha mji, unapita Bahi na majaruba yake ya mpunga, halafu basi linaanza kulalamika kidogo kidogo likipanda ukingo wa Bonde la Ufa pale Saranda. Ukifika juu, hewa inabadilika na upepo unaongezeka. Manyoni basi lilisimama dakika chache, wauza asali na mahindi ya kuchemsha wakajaa madirishani, kisha tukaendelea.

Baada ya Manyoni, mwishoni mwa Machi, barabara ile ni nzuri kuitazama. Mvua zinaelekea ukingoni, kila kitu bado ni kijani, na alizeti zimechanua pande zote mbili. Kando ya barabara wanauza mafuta ya alizeti kwenye chupa na madumu, asali, vitunguu na kuku wa kienyeji ambao sifa zao zimefika hadi Dar es Salaam.

Mkiwa iko hapo, ndani ya Wilaya ya Ikungi. Kwa msafiri wengi ni jina la kupita tu: njia panda ambapo barabara kuu inaendelea Singida, na nyingine inakata kushoto kwenda Itigi, Rungwa na kutokea Makongolosi mkoani Mbeya. Malori husimama, madereva hula, husinzia kidogo, huondoka.

Kwa Kiswahili, mkiwa ni mtu aliyebaki peke yake, asiye na ndugu wa kumshika mkono. Kijiji chenyewe hakifanani na jina hilo. Kuna bodaboda, maduka, watoto wanaorudi shule kwa makundi, na wanawake wanaopika kwa ajili ya watu wa safari. Wifi ni mmoja wao. Ana banda la chakula: wali, ugali, maharage, mlenda, na kuku siku akipata. Nilipotelemka alikuwa anawahudumia madereva wawili. Alifuta mikono kwenye khanga, akanikumbatia, na wote wawili tukanyamaza kwa muda. Halafu akasema, "Umekuja kweli."

Kinyago chenyewe

Nyumbani nilimkuta mama mzazi wa wifi amekaa kwenye mkeka akichambua mboga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa ajili ya yule?" Alinyoosha kidole kuelekea chumba cha nyuma. "Mwambie aache kuita vitu asivyovijua."

Nilibisha hodi. Mtoto alifungua, akasema "Shikamoo, shangazi", kisha akasimama mbele ya kitanda kama mtu anayeficha kitu. Alikuwa amerefuka. Nilimwomba anionyeshe. Alisita, akatoa chini ya kitanda kinyago cha boksi kilichopakwa rangi nyekundu iliyokuwa inabanduka. Kilikuwa na miale pembeni kama jua linavyochorwa na watoto, lakini kila mwale umekatwa kwa makini.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Zau."

Ilinichukua jioni nzima kuelewa Zau ni nani. Wifi ana simu janja, na mtoto alikuwa anaitumia usiku kutazama video za gemu liitwalo *Tales of Kenzera: ZAU*. Hajawahi kulicheza. Linahitaji kompyuta au mashine za bei kubwa kama PlayStation 5, ambayo hakuna mtu anayo karibu nasi. Anatazama watu wengine wakicheza. Bando la mama yake liliishia huko, na ugomvi wa kwanza ndani ya nyumba ulianzia hapo.

Gemu hilo lilitoka Aprili 2024. Limetengenezwa na studio ya Surgent ya Uingereza, inayoongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Baadhi ya wachezaji wa gemu wanamjua kwa sauti ya Bayek katika *Assassin's Creed Origins* ya mwaka 2017. Salim alifiwa na baba yake, na amesema hadharani kwamba gemu hili lilizaliwa na msiba huo na hadithi za Kibantu alizosimuliwa na baba yake utotoni.

Hadithi inaanza na kijana Zuberi, aliyefiwa na baba. Mama yake anampa kitabu alichokiandika baba huyo, na ndani ya kitabu mna kisa cha Zau, mganga kijana. Zau naye amefiwa na baba. Anafanya makubaliano na Kalunga, mungu wa mauti: amletee roho tatu kuu, naye arudishiwe baba yake. Katika safari hiyo anatumia vinyago viwili, cha jua chenye moto, na cha mwezi chenye nguvu za rangi ya buluu. Gemu lina sauti za Kiswahili pia, na ndivyo mtoto wetu alivyonaswa.

"Nilisikia anaita 'Baba'," aliniambia akiangalia chini. "Nikadhani ni filamu ya Bongo. Kumbe ni gemu."

Baada ya hapo hakusema kitu, nami sikumlazimisha.

Mchezo wenye jina

Anachokifanya kina jina duniani. Wenyewe wanakiita kosplei, neno lililoundwa Japani miaka ya 1980 kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiingereza, la vazi na la mchezo. Mtu anachagua mhusika wa filamu, katuni au gemu, anashona au kutengeneza vazi lake, analivaa na kupigwa picha akiwa katika mkao wa mhusika huyo. Katika mji wa Nagoya huko Japani hufanyika mkutano wa dunia wa kosplei tangu 2003. Hapa jirani, Nairobi kuna kongamano la NAICCON, ambako vijana huja wamevaa mavazi waliyojitengenezea.

Nilimweleza bibi haya yote usiku ule, tukiwa tunakula. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Hao wa Japani wamefiwa?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba kinyago chenyewe si kitu kigeni kwetu, kwamba Wamakonde wana mapiko yao, vinyago vinavyovaliwa ngomani, na vina heshima yake. Bibi alitikisa kichwa.

"Mapiko yana wazee wake," alisema. "Kuna anayejua kinavaliwa lini na kinavuliwa lini. Huyu mtoto amevaa peke yake chumbani, usiku. Nani atamvua?"

Nimehoji wataalamu wengi wa afya ya akili katika kazi yangu. Sijasikia swali lililonigusa kama hilo. Bibi hakuwa na tatizo na boksi na rangi. Tatizo lake lilikuwa upweke wa mtoto. Nilimwomba anipe siku mbili, tukitengeneze pamoja naye, mchana, uani, mbele ya watu. Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Mchana, sawa."

Boksi, uji na bluu ya kufulia

Ijumaa asubuhi tuliketi chini ya mti uani. Likizo fupi ilikuwa imeanza, kwa hiyo watoto wawili wa jirani nao walisogea. Mtoto wetu alikuwa na michoro kwenye daftari la hisabati: Zau kwa mbele, kwa pembeni, vinyago viwili, shanga, na kitambaa cha kuning'inia begani. Alikuwa ameisimamisha video mara kwa mara ili achore kila kipande.

Nilimuuliza kwa nini rangi inabanduka. Alikuwa amechanganya udongo mwekundu na maji matupu. Bibi, ambaye alijifanya hatusikilizi, akasema kutoka jikoni, "Weka uji." Tukapika uji mzito wa unga wa ngano, tukaupoza na kuutumia kama gundi. Vipande vya gazeti vikalowekwa, vikabandikwa juu ya boksi tabaka kwa tabaka, vikaachwa juani. Uji kidogo ukachanganywa na udongo ukawa rangi inayoshika. Kinyago cha mwezi tulikipaka bluu ya kufulia iliyochanganywa na uji huohuo. Masizi ya sufuria yakawa weusi wa mistari.

Sikuacha kazi yangu nyumbani. Watoto wa jirani walitaka rangi ya kupuliza kutoka kwa fundi wa magari, nikakataa isitumike chumbani, kwa sababu mvuke wake unaumiza mapafu na kichwa sehemu isiyopitisha hewa. Gundi kali ile inayogandisha vidole nayo haina kazi karibu na macho. Kisu alishika mtu mmoja kwa wakati mmoja. Na matundu ya macho tuliyapanua, ingawa mtoto alilalamika kwamba Zau hana macho makubwa hivyo.

"Zau haishi kando ya barabara ya malori," nilimwambia. Hapo alicheka, kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Kipande kigumu kilikuwa kitambaa cha begani. Alikuwa ameanza kukishona kwa sindano ya mkono, kutokana na vipande vya kitenge. Nilikichukua nikitazame. Mishono ilikuwa midogo, imenyooka, imebanana. Nilimwita wifi atoke bandani aione. Aliitazama kwa muda mrefu, akaigeuza upande wa ndani kama mafundi wanavyofanya.

Kaka yangu alikuwa fundi cherehani. Nusu ya sare za shule za pale zilipita mikononi mwake.

Droo ya cherehani

Cherehani yake, ile ya miguu, ilikuwa kwenye kona ya sebule imefunikwa kitenge. Tangu msiba hakuna aliyeigusa. Wifi alikuwa amekataa hata kuiuza alipokwama ada na madeni. Mtoto naye hakuwahi kuomba kuitumia, na mama yake alidhani ni kwa sababu haipendi.

Jioni ile wifi aliifunua bila kumwambia mtu. Nilisikia tu magurudumu yanakwaruza. Mkanda ulikuwa umekauka, ukakatika alipokanyaga mara ya kwanza. Mtoto alitoka nje mbio. Nilidhani amekasirika. Alirudi baada ya nusu saa na mkanda mwingine aliouomba kwa fundi mmoja karibu na njia panda, rafiki wa baba yake, ambaye alikuja naye mwenyewe akiwa na kichupa cha mafuta ya mashine.

Fundi yule ndiye aliyefungua droo akitafuta bisibisi. Mlikuwa na chaki, vifungo, futi ya kamba, na daftari la vipimo. Kila ukurasa una jina la mteja na namba zake: bega, kifua, kiuno, urefu. Wifi alilichukua akalifungua taratibu. Karibu na mwisho kulikuwa na ukurasa wenye jina la mtoto wao, vipimo vya sare ya darasa la tano.

Hakuna aliyesema neno. Kisha mtoto akauliza, "Sasa hivi nina ngapi?"

Wifi alichukua futi. Alimpima bega, kifua, urefu wa mkono, urefu wa suruali. Alikuwa anataja namba, nami naandika chini ya zile za kaka yangu. Alipofika kwenye urefu sauti yake ilikwama. Mtoto alikuwa ameongezeka sentimeta 11 tangu siku ile. Wifi alikaa kwenye kiti cha cherehani akalia kwa sauti, kilio ambacho nadhani alikuwa amekizuia kwa miezi mingi ili mtoto asimwone. Mtoto alisimama palepale. Halafu akamshika bega, akaanza naye kulia.

Nilitaka kuwanyamazisha. Ni desturi yetu: "Nyamazeni, mtamsumbua marehemu", "Wewe ni mwanamume, jikaze". Bibi alinishika mkono, akaniambia kwa sauti ya chini, "Waache."

Usiku ule ndipo mtoto alipozungumza. Alisema kwamba usiku baba alipoanguka, yeye alikuwa macho. Alisikia, lakini alidhani baba ameangusha kitu, akalala tena. Kwa miezi 14 alikuwa anabeba jambo hilo peke yake. Akifikiri angeamka, baba angepona.

Kiharusi ni dharura, na kila dakika ina thamani. Hilo ni kweli, na nimeliandika mara nyingi. Lakini mtoto wa miaka 12 aliyesikia kishindo gizani hana deni na mtu. Nilimwambia hivyo kwa maneno mepesi niliyoweza, na mama yake akamwambia tena, na bibi akamwambia tena. Hakuwa wa kuambiwa mara moja. Nilimuuliza kile alichokuwa akikisema peke yake chumbani akiwa na kinyago.

"Ninamwambia Kalunga anirudishie," alijibu.

Picha kwenye alizeti

Jumamosi wifi alifunga banda mapema. Kitambaa cha begani kilikuwa kimekamilika, nusu kimeshonwa kwa mashine na mama, nusu kwa mkono na mtoto. Shanga zilitoka kwa bibi mwenyewe. Hakueleza kwa nini amebadili mawazo.

Kabla ya kwenda shambani wifi alipita kwa mwenyekiti wa kitongoji kumweleza. Nilidhani ni kuzidisha. Haikuwa hivyo. Tulipokuwa njiani, mtoto alivaa kinyago mapema kwa furaha, na mama mmoja aliyebeba kuni akatokea kwenye kona. Alitupa kuni akapiga kelele. Mtoto alikivua haraka, akamwamkia, akamsaidia kuokota kuni zake, akaeleza. Yule mama alimtambua. "Wewe si mtoto wa fundi?" alisema, akashika kifua akicheka na kutetemeka. Katika maeneo yetu mtu aliyefunika uso jioni si mzaha. Watu wapewe taarifa kwanza.

Sina kamera kubwa. Nilipiga kwa simu yangu, na mbinu zenyewe ni chache ambazo mzazi yeyote anaweza kuzitumia. Futa lenzi kwa kitambaa safi. Subiri saa ya mwisho kabla jua halijazama, mwanga unapokuwa laini na wa dhahabu. Piga simu ikiwa usawa wa kifua cha mtoto, maana ukimpiga kutoka juu anaonekana mdogo na dhaifu. Kwa sababu jua lilikuwa nyuma yake, uso ulikuwa giza, hivyo wifi alishika sinia lake kubwa la bati, lile la kupakulia wali, akaelekeza mwanga wake kwa mtoto. Lilifanya kazi kama vifaa vya studio.

Upepo ulitusumbua. Mara mbili kitambaa kilimfunika kichwa, na mwale mmoja wa kinyago uling'oka ukapotelea kwenye alizeti. Watoto wa jirani waliutafuta wakaukosa. Alizeti zilizokomaa zilikuwa zimeupa mgongo mwanga, zinatazama mashariki, na katika picha nyingi ni nyuso zao ndizo zinazoonekana.

Alisimama kwa namna alizokuwa amezifanyia mazoezi: mguu mbele, mikono imefunguliwa, kinyago cha jua usoni na cha mwezi kiunoni. Nilipiga picha zaidi ya 60. Halafu akavua kinyago mwenyewe, akakishika mbele ya kifua, akasema, "Piga na hii." Hakutabasamu. Alitazama moja kwa moja kwenye simu.

Hapo nikakumbuka swali la bibi, nani atamvua. Nikamtazama. Alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba, mikono nyuma, kama mzee wa ngoma.

Kwa mzazi unayesoma

Sitaki uondoke hapa ukidhani kinyago kimemponya mtoto. Hakijamponya. Kilichofanyika ni kwamba watu wazima walikaa alipokuwa amekaa yeye, na mlango ukafunguka. Kingeweza kuwa mpira, ngoma au bustani ya mchicha.

Mtoto aliyefiwa hahuzuniki kama sisi. Anaweza kucheza asubuhi na kulia jioni. Wengine hulalamika tumbo au kichwa, wengine huwa wakali, wengine hukojoa kitandani tena, wengine hushuka darasani. Mwambie ukweli kwa maneno anayoyaelewa: baba amefariki, hatarudi, na si kosa lako. Ukimwambia "amesafiri" atasubiri. Ukimwambia "amelala" anaweza kuogopa usingizi. Na mruhusu akuone ukilia.

Kuhusu gemu, Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa wa uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Lakini si kila mtoto anayependa gemu ni mgonjwa. Wataalamu hutazama kama ameshindwa kujizuia, kama gemu limechukua nafasi ya mambo mengine yote, na kama anaendelea ingawa linamwumiza, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Kabla ya kumnyang'anya simu, kaa naye utazame anachokitazama. Muulize mhusika huyo ni nani na anatafuta nini.

Akikosa usingizi kwa wiki nyingi, akiacha kula, akijitenga na kila mtu, au akisema anataka kufa au kumfuata marehemu, usisubiri. Mpeleke kituo cha afya, au piga simu namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, bila malipo. Maombi na matibabu havigombani. Sisi tulikubaliana avipate vyote viwili: bibi alimpeleka kanisani Jumapili, na wifi atampeleka kwa mtaalamu wa ushauri hospitalini baada ya mimi kurudi kumsindikiza.

Jambo la mwisho ni picha. Mtoto alitaka kuziweka mtandaoni, na mimi mwandishi nilitamani moja ikae juu ya makala haya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti. Lakini hata bila sheria, picha ya mtoto aliye kwenye majonzi, ikionyesha uso, kijiji na shule, ikishatoka hairudi. Tulikaa wanne tukaamua: picha zibaki nyumbani. Akifika miaka 18 na bado akitaka, ni zake. Ndiyo maana hamzioni hapa.

Jumapili mchana alinibebea begi hadi njia panda. Tulisubiri basi karibu na banda la mama yake. Aliniuliza kama Dodoma wanauza rangi ya akriliki, na bei yake. Alisema kinyago kijacho kitakuwa cha mbao nyepesi, na kwamba mama amekubali amfundishe kukanyaga cherehani baada ya mtihani wa Septemba.

Jumatano nilisafisha picha nne, nikazipeleka kwa kondakta wa basi zifike Mkiwa. Usiku wifi alipiga simu. Tatu zimekaa kwenye daftari la vipimo. Ya nne, ile asiyevaa kinyago, bibi ameichukua akaiweka ukutani pembeni ya picha ya kaka.